Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu: mtoto aliyeandika "sed" hajapata sifuri

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia kutoka Newala. Barua hii ni ya Wizara ya Elimu, ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa sababu mitaala na vitabu viko mikononi mwenu, ni ya TAMISEMI mnaosimamia shule zetu za msingi, na ni ya maafisa elimu wa Lindi na Mtwara kuanzia mkoani mpaka kwenye kata. Mimi nimesomea ualimu, ajira bado naisubiri kama wenzangu wengi, kwa sasa nafundisha kwa kujitolea madarasa ya chini na jioni watoto wa majirani wanakuja hapa barazani na madaftari yao tunasoma mpaka giza linaingia. Nina jambo moja tu. Ni yale maneno ya Kiingereza yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile, "said", "was", "one", "people", "friend" na wenzake, mimi nayaita maneno korofi. Namna tunavyowafundisha watoto maneno haya inawaumiza na haiwafikishi popote, na kuirekebisha sio jambo la mabilioni.

Hebu tazameni daftari hili. Ni la binti wa darasa la tatu, jina lake naliacha. Walipewa imla ya maneno kumi, mwalimu anatamka wao wanaandika. Binti kaandika "sed", kaandika "woz", "kam", "pipo", "wani", "frendi", "wota", "bikozi", "maza", "tu". Kawekewa kosa kwa wino mwekundu mara kumi, sifuri juu ya kumi, na chini kaandikiwa JITAHIDI kwa herufi kubwa.

Sasa yasomeni tena hayo maneno kwa sauti, taratibu, kama mnasoma Kiswahili. Yote yanasikika! Sikio la mtoto huyu ni zima, kila sauti kaikamata na kila sauti kaitafutia herufi kama alivyofundishwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwamba unachokisikia ndicho unachokiandika. Kwenye Kiswahili sheria hiyo haijawahi kumdanganya hata siku moja. Kwenye "friend" kapata f, kapata r, kapata n na d, alichokosa ni "ie" ya katikati na kaongeza i ya mwisho kwa sababu mdomo wetu haupendi neno liishie hewani. Sifuri hiyo imetoka wapi basi? Imetoka kwetu, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kwamba kwenye Kiingereza ile sheria yake inafanya kazi kwa sehemu kubwa ya neno alafu inavunjika mahali fulani, na hakuna aliyemwonyesha kwa kidole kwamba inavunjika hapa.

Kwenye kusoma ndio kinyume chake. Mtoto akikutana na "some" anasoma kama kwenye "mwache asome". "One" anaisoma kama kwenye "nataka nimwone". "Come" inakuwa kome, wale wanaookotwa kule Mikindani maji yakikupwa. "Pale" anasoma pale, "mate" anasoma mate, na anasoma kwa kujiamini kabisa kwa sababu hayo ni maneno ya nyumbani kwao, wenzake wakicheka basi siku ya pili hanyooshi tena mkono, na mimi naamini kwa dhati kwamba watoto wengi wa huku Kiingereza kinawatoka pale pale, sio form one, ni pale kwenye kile kicheko cha darasa la tatu.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndio tunapochanganya. "Pale" na "mate" hazina ukorofi wowote, zina utaratibu wake, ile e ya mwisho haitamkwi na kazi yake ni kuibadilisha irabu iliyoko nyuma yake, na ndivyo zilivyo "make", "take", "same", "name", "late" na mamia ya maneno mengine. "Have" na "give" nazo zina sababu, Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa herufi v ndio maana e imekaa pale mwisho. "Come" na "some" ndio zinavunja ule utaratibu. Sasa mwalimu akiyabeba yote haya akayamwaga kwenye orodha moja akasema haya ni ya kukariri, anakuwa amemnyang'anya mtoto utaratibu ambao ungemfungulia kurasa nzima za kitabu.

Naijua shule moja, jina silitaji, ambayo kila Ijumaa kuna spelingi. Jumatatu yanaandikwa maneno ishirini ubaoni, "elephant" imekaa na "was", "umbrella" imekaa na "because", yani hakuna linalohusiana na lingine. Watoto wanaitikia kwa pamoja, es-ei-ai-di, said! Wananakili kila neno mara kumi. Ijumaa wanasikilizwa na kila kosa ni fimbo moja. Mtoto wa makosa kumi na mbili anajijua toka Alhamisi usiku, kwa hiyo Ijumaa hatokei, anashinda mikoroshoni, alafu kwenye mahudhurio tunaandika mtoro. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zenyewe zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mtu aliyemruhusu kwa maandishi, na iwe kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kuandika "sed" ni utovu wa nidhamu gani jamani? Na tukiweka fimbo pembeni, kule kunakili mara kumi nako hakumsaidii, nimewaona kwa macho yangu, wanashuka na herufi s peke yake mpaka chini ya ukurasa, wanarudi juu wanashuka na a, wanarudi wanashuka na i, mkono unafanya kazi na kichwa hakipo. Neno halijaandikwa hata mara moja, zimeandikwa safu nne za herufi.

Walimu siwalaumu, na hili nalisema kutoka moyoni. Mwalimu ana darasa limejaa mpaka dirishani, ana kitabu kimoja kwa watoto kadhaa, na yeye mwenyewe alifundishwa hivyohivyo, es-ei-ai-di. Chuoni tulisoma mbinu za kufundisha Kiingereza lakini somo la kwamba Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44 hivi, na kwamba hizo sauti zinagawana hizo herufi chache, nimekuja kulielewa baadaye kwa kusoma mwenyewe kwenye simu. Hili lingefundishwa wiki ya kwanza.

Alafu kuna hili la majina ya herufi, ambalo wakubwa huwa hamlioni kwa sababu mmeshalizoea. Kwa Kiswahili herufi e inaitwa "e" na sauti yake ni hiyohiyo. Kwa Kiingereza herufi ileile inaitwa "ii", halafu i inaitwa "ai", na a inaitwa "ei". Mwambie mtoto wa darasa la pili aandike "ii" ataandika i, na hajakosea, ndivyo anavyoijua. Mwambie "ei" atakuandikia herufi mbili. Zamani kwenye shule zetu za serikali Kiingereza kilianza darasa la tatu, mtoto kashatulia kwenye Kiswahili, lakini mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 umekileta toka darasa la kwanza. Mimi sipingi kukianza mapema, masikio ya mtoto mdogo yanashika kuliko yetu. Ninachoomba ni kwamba darasa la kwanza Kiingereza kikae mdomoni na masikioni, nyimbo, salamu, majina ya vitu, amri ndogondogo za simama kaa njoo, na maandishi yake yasubiri mpaka mtoto awe anasoma sentensi ya Kiswahili bila kushikwa mkono. Ukimpa mifumo miwili ya herufi zilezile muhula mmoja hatashika wowote, na huku kwetu watoto wengine wanakuja shule na Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua, Kiswahili chenyewe bado kinatafuta pa kukaa.

Watoto wanauliza kwa nini, na jibu tunalowapa ni "Kiingereza ndivyo kilivyo, kariri". Jibu lipo na linavutia. Zamani sana Waingereza walitamka walichoandika. K ya "knife" na "know" ilikuwa inatamkwa kabisa, na gh ya "night" ilikuwa sauti ya kooni inayokaribiana na kh yetu ya kheri. William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, spelingi zikaanza kuganda kwenye chapa, na katika karne zilezile irabu zao ndefu zikawa zinahama mdomoni, kwa hiyo midomo ikaondoka maandishi yakabaki. Juu yake wakaja wasomi waliopenda Kilatini wakaichomeka b kwenye "debt", haijatamkwa mpaka leo. Wakaichomeka s kwenye "island" wakidhani neno limetoka Kilatini, kumbe ni la kwao wenyewe. Na ile o ya "come", "some", "love" na "son", inaelezwa kwamba waandishi wa mkono walikuwa wanaona u ikikaa jirani na m, n au v vijiti vinachanganyana havisomeki, wakaweka o. Sisi Kiswahili chetu cha herufi hizi kimesanifiwa juzi tu, Kamati ya Lugha ilianzishwa mwaka 1930, haijafika hata karne, mdomo haujapata muda wa kuliacha daftari. Simaanishi mtoto wa darasa la tatu apewe mhadhara. Namaanisha ukimwambia kwa sentensi moja kwamba zamani hii k walikuwa wanaitamka wakaacha, ile k inakuwa na maana kwake, na kitu chenye maana hakisahauliki haraka.

Na hapa kuna jambo moja linanifurahisha sana na nataka mlijue. Watoto wetu wengi wa huku herufi isiyotamkwa wameshakutana nayo kabla ya Kiingereza, wamekutana nayo madrasa kwa maalimu. Mtoto anayesoma Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Kurani, akifika "Wash-shamsi" anaona herufi za Kiarabu alifu na lamu zimeandikwa pale mbele yake, na hazitamkwi, ulimi unaruka moja kwa moja kwenye herufi shini. Maalimu hakumwambia alikariri neno zima kama picha. Alimwambia hapa lamu inaandikwa haitamkwi, zilizobaki soma kama kawaida. Basi! Na mtoto wa miaka saba anaelewa. Jioni moja watoto wamekwama kwenye "knife", wanasoma "kinife", nikawaambia hii k ni kama ile lamu ya Wash-shamsi, iandike lakini ulimi usiiguse. Wakatazamana, mmoja akasema "aaah, kumbe!", na toka hapo "knee" na "know" wakazisoma wenyewe kabla sijafungua mdomo. Walikuwa na uwezo huo muda wote, ni sisi tu hatukuwahi kuwauliza wanajua nini tayari.

Huko nje nako wenye Kiingereza chao wamehangaika na hili hili, kwa hiyo msidhani ni udhaifu wa watoto wa Kusini. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour na wenzake walitoa utafiti uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya wanaomaliza mwaka wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Ufini, ambao lugha yao inaandikwa kama inavyotamkwa kama ilivyo yetu, walisoma sawasawa maneno yao ya kawaida kwa asilimia 98. Watoto wa Uskoti, Kiingereza ni cha mama yao, walipata asilimia 34. Thelathini na nne! Watafiti wakaona mtoto wa Kiingereza anahitaji miaka miwili na zaidi kufika pale mwenzake anapofika kwa mwaka mmoja. Sasa kama huyo anayekizungumza toka tumboni kwa mama anahitaji muda huo, binti wa Newala anayekisikia dakika arobaini kwa siku tunamdai nini kwa fimbo ya Ijumaa.

Na wenye Kiingereza hao walichojifunza ni nini? Zamani walikuwa wanafundisha maneno mazima kwa kuyatazama, Edward Dolch wa Marekani mwaka 1936 alitoa orodha ya maneno 220 yanayojirudia sana kwenye vitabu vya watoto, na walimu wengi wakayageuza kadi za kukariri. Kumbe ndani ya orodha ile mengi yanasomeka kwa sauti tu, "big", "run", "ten", "jump", yasiyotii ni sehemu tu. Baadaye wachunguzi kama Linnea Ehri wakaonyesha kwamba hata neno korofi halikai kichwani kama picha, linakaa kwa kila herufi kufungwa kwenye sauti yake, na kile kipande kisichotii kinafungwa kwa makusudi. Uingereza wenyewe baada ya ripoti ya Jim Rose ya mwaka 2006 kuhusu kufundisha kusoma wakarudi kwenye kufundisha sauti kwa mpangilio, na maneno korofi yanaingizwa machache machache humohumo ndani ya sauti. Paul Hanna na wenzake kule Stanford mwaka 1966 walipitisha maneno zaidi ya elfu 17 kwenye kompyuta na kuona kwamba kama nusu yanaandikika sawasawa kwa kufuata sauti peke yake, na mengi ya yaliyobaki yanakosea sauti moja tu. Moja tu! Yani ukimwambia mtoto kwamba Kiingereza chote ni cha kukariri unamdanganya.

Naomba niwaonyeshe "said" inavyofundishwa ili msione naongea hewani. Kwanza mtoto hajaona maandishi. Anaisikia kwenye kisa kifupi, mama said come, baba said sit down, anaitumia mdomoni mpaka inamzoea. Ya pili, tunaitamka taratibu tunahesabu sauti kwa vidole, s, e, d, sauti tatu. Nachora mistari mitatu chini kwenye mchanga. Nawauliza mstari wa kwanza tuweke herufi gani, wote wanasema s, ya mwisho d, wameshapata sehemu kubwa ya neno bila mimi. Katikati wanasema e, nawaambia sikio lako liko sawa, ila neno hili sauti hiyo wanaiandika a na i, naziandika nazizungushia duara. Lile duara ndilo la kushika, sio neno zima. Alafu nawaletea ndugu zake, "pay" na "paid", "lay" na "laid", "say" na "said", wanaona kwa macho kwamba y imegeuka i ikaongezwa d, maandishi yana adabu yake, kilichohama ni mdomo tu. Tunafuta mchanga, wanaandika kwa kichwa, wanafunua wanalinganisha wenyewe. Inachukua muda mfupi tu na kesho yake tunarudia kwa haraka kabla ya neno jipya. Maneno matatu kwa wiki yanatosha.

"Two" nayo hivyohivyo, ile w wanayoiona haina kazi iwekeeni "twice", "twelve" na "twenty" pembeni, wataisikia. "One" iwekwe na "only" na "alone" wataona ilikotoka. Na kuna mbinu nyingine ambayo watoto wetu wanayo bila kufundishwa na sisi tunawacheka nayo. Mtoto anaposoma "pe-o-ple" au "fri-end" au "Wed-nes-day" kwa Kiswahili, kile anachokifanya ndicho wanachokifanya hata wenye lugha yao wanapotaka kukumbuka spelingi, wanaitamka kimoyomoyo kama ilivyoandikwa. Mimi hapa barazani tunaita sauti ya kalamu na sauti ya mdomo. Sauti ya mdomo ni "pipo", sauti ya kalamu ni "pe-o-ple", naomba zote mbili, na mtoto ajue ipi ni ya wapi. Hakuna anayechekwa. Yule binti wa sifuri hiyo ndio imemkaa kuliko zote, "because" kwa kalamu anaiita "be-ka-u-se" na hajaikosea tena.

Sasa maombi yangu.

Taasisi ya Elimu, naomba kitu ambacho kitaingia kwenye kurasa chache, orodha ya maneno korofi yanayotumika sana, yagawanywe kuanzia darasa la pili mpaka la nne, kila neno kipande chake kisichotii kiwe kimewekewa rangi au duara, yapangwe kwa ukoo, sio kwa alfabeti na sio kwa mada, "come" ikae na "some", "would" ikae na "could" na "should". Na kwenye kiongozi cha mwalimu ielezwe neno hilo lina sauti ngapi na linatamkwaje kwa herufi zetu tunazozijua. Wapo watakaosema kumwandikia mwalimu "kud" ni kuharibu Kiingereza. Mwalimu aliyeko Nanyumbu au Liwale ambaye hana wa kumuuliza jioni, hiyo "kud" ndiyo inamwokoa asitamke "ko-uld" mbele ya watoto sabini.

Mafunzo. Mnajua inawezekana kwa sababu kwenye Kiswahili mlishafanya. Mtwara tulipitiwa na mradi wa Tusome Pamoja, Lindi walipitiwa na mradi wa EQUIP, yote ya kuinua elimu ya msingi, na walimu waliopita kule mpaka leo ukiingia darasani kwao unawajua, wanaanza na sauti, wanajenga silabi, wanamsikiliza mtoto mmoja mmoja. Kiingereza hakijapata kitu kama hicho huku. Sidai semina ya hoteli. Vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, vipo shuleni, walimu wanakaa pamoja, tupeni hata mada chache za sauti za Kiingereza na maneno haya, na muturekodie mtu anayetamka vizuri, kila neno mara mbili na sentensi moja, mweke kwenye memori kadi au mrushe kwenye magrupu ya WhatsApp ya kata, spika ndogo ya kuchaji shule nyingi hazikosi. Redio zetu za jamii nazo zingetoa robo saa asubuhi watoto wangesikiliza hata wale walioko mashambani.

Maana na hilo la mashamba lipo, msilisahau mnapopanga. Kuanzia Oktoba korosho zinaanguka, watoto wanaokota na wazazi, mahudhurio yanashuka mpaka minada inapoisha. Mtoto anayerudi Januari amepoteza wiki kadhaa na orodha ya spelingi imeshamwacha mbali. Ndio maana nasema maneno yawe machache na yarudiwe, na muhula wa kwanza wa kila mwaka uanze na kuyapitia ya mwaka jana, sio kuendelea kama vile wote walikuwepo. Maafisa elimu wa mikoa hii miwili hili mnaliweza bila kusubiri Dodoma.

Wathibiti ubora mnaokagua shule zetu, mkija shuleni naomba msiishie kwenye maandalio na azimio la kazi. Chukueni madaftari ya imla. Mkikuta "sed" imechorwa kosa neno zima, muelekezeni mwalimu aweke vema kwenye s na d, azungushie duara katikati tu. Hapo mtoto anaona amepata viwili kati ya vitatu na anajua cha kurekebisha ni kipi. Ni kalamu ileile nyekundu, haiongezi gharama yoyote. Na mkikuta fimbo ya spelingi, isimamisheni siku hiyohiyo kwa kanuni mlizonazo.

Wakuu wa halmashauri, kwenu naomba vifaa, huku kwetu manila na makapeni ya kuandikia yananunuliwa na mwalimu mwenyewe kwenye mshahara wake, na sisi wa kujitolea tunakata maboksi ya dukani tunaandikia kwa mkaa. Boksi linafanya kazi vizuri tu, nisiseme uongo, lakini mvua ikilipiga limekwisha na paa zetu mnazijua.

Na mwisho hili la mtihani. Maswali ya kuchagua jibu hayawezi kuonyesha kama mtoto anaweza kuandika "because", atachagua A au C akapita, akifika form one masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, anakuta "science", "enough", "through", "height" kila ukurasa na hana mbinu ya kuzifungua. Ile kozi ya wiki chache ya kuwazoesha wanapoanza sekondari haiwezi kulipa deni la miaka sita. Naomba imla ya Kiingereza ya darasa la nne isahihishwe kwa kuangalia sauti zilizopatikana pia, na matokeo yarudi shuleni yakionyesha watoto wanakosea kipande gani, ili mwalimu wa darasa la tano ajue aanzie wapi.

Mtaala mpya unapanda darasa kwa darasa na vitabu vinafuata nyuma yake, kikishachapwa kitabu kuongeza ukurasa ni shughuli, ndio maana nimeandika sasa. Orodha ninayoitumia mimi hapa, iliyopangwa kwa ukoo na sauti zake, nitaikabidhi kwa afisa elimu kata wangu ikiwa imeandikwa vizuri kwa mkono. Ichukueni, ikosoeni, ongezeni yaliyosahaulika, na kama mnayo nzuri kuliko hiyo tuleteeni hata nakala moja kwa kila shule, tutajua wenyewe namna ya kuinakili.

Wenu katika kazi,
mwalimu wa kujitolea, Newala, Mtwara